Huna Mtu, Unaandika ya Nani?



Kuna swali linalozunguka sana hapa Gerezani na Kariakoo yote, Dar es Salaam, na mara nyingi huulizwa kwa kicheko: "Wewe mwenyewe huna mtu. Sasa hayo mapenzi unayoandika ni ya nani?" Huulizwa kijana anayetunga hadithi za kusoma kwenye simu, zile zinazokatwa penye utamu na kuandikwa "itaendelea". Huulizwa binti anayewatungia wanamuziki mashairi. Nami nimeshaulizwa, maana naandika, na mume sina.

Mwanamume akiulizwa hivyo, atacheka na wenzake, yataisha. Kwa mwanamke swali lina mkia. Akiandika mapenzi matamu, watu watasema ana uchu wa ndoa. Akiandika machungu, kaachwa. Akimwonea huruma nyumba ndogo katika hadithi yake, basi huyo nyumba ndogo ndiye yeye, na wake wa mtaani wajihadhari.

Na mtaa huu hauna huruma kwa asiye na mwenza. Kijana akipita kwa mafundi wa Gerezani wanaokunja bati, majiko yamepangwa mpaka barabarani, na bado atatokea mzee amuulize atapata jiko lini. Sisi wanawake hufuatwa nyumbani kabisa. Shangazi ataanza kwa kukuombea dua, na kabla hajaondoka atakuwa ameshakutajia baba fulani wa Temeke aliyefiwa na mke.

Leo nataka kulijibu swali hilo bila kununa, kwa sababu ndani yake mna jambo la haki. Anayeuliza anataka kujua kama mtu anaweza kusema kweli juu ya kitu ambacho hana. Nasema anaweza. Nasema pia kwamba katika Kiswahili, baadhi ya waliosema vizuri kuliko wengine walisema wakiwa hawana. Ila kuna sharti, nalo tutalifikia.

Tuanze Pate, kule visiwa vya Lamu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi wa kumfunda namna ya kuishi na watu, na hasa namna ya kuishi na mume. Anamweleza jinsi ya kumpokea, kumkanda, kumpepea akilala, kutomwamsha kwa kelele, kujipamba na kujitia manukato kwa ajili yake. Hakuna utenzi wa Kiswahili juu ya unyumba uliosomwa na kujadiliwa kuliko huo. Sasa sikilizeni: mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, yule aliyempa taabu Sultani wa Zanzibar vitani, alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1856. Mwana Kupona alitunga akiwa mjane, tena mgonjwa, na miaka michache baadaye naye akaondoka duniani.

Wanawake wengi wa leo wanaosoma nasaha zile hugombana nazo. Wanasema zinamweka mke chini mno, na mimi ni mmoja wao. Tumemgombeza Mwana Kupona kwa mengi, lakini sijamsikia mtu akimwambia: "Bibi, wewe huna mume, ya mume unayatoa wapi?" Hatumwambii hivyo kwa sababu yeye mwenyewe hakujificha. Anajitambulisha ndani ya utenzi kuwa ni mama mgonjwa anayemwachia mwanawe wosia. Unajua tangu mwanzo nani anasema na amekaa wapi.

Twende Tanga, kwa Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Mkewe Amina alifariki akamwachia watoto, naye akamtungia shairi la kumlilia, lenye jina la mkewe. Wanafunzi wa shule wamelisoma kizazi baada ya kizazi. Shairi lile la mapenzi limetungwa na mwanamume ambaye kitanda chake kilikuwa na nafasi tupu. Mke angekuwa bado yuko jikoni anamwita aje ale, Shaaban huenda asingeliandika hata ubeti mmoja. Hilo ni jambo la kukumbukwa: mtu aliye ndani ya mapenzi yenye raha mara nyingi hana haja ya kuandika. Ana mtu wa kuzungumza naye.

Wa tatu ni Bi Kidude, Fatuma binti Baraka wa Unguja. Ndoa zake hazikudumu. Alizikimbia, na hakuona haya kusema kwamba alizikimbia. Mtoto hakujaaliwa. Hata hivyo huyo ndiye aliyewafunda mabinti wa Unguja katika unyago, ngoma ikiwa kiunoni, na ndiye aliyeimba mapenzi mbele ya watu wa mataifa mengi kwa sauti iliyokwaruzwa na sigara. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya kimataifa ya WOMEX, na alipofariki Aprili 2013, watu waliomzika ni wale wale waliojua hana mume. Hakuna aliyemdai cheti cha ndoa kabla ya kumsikiliza.

Mjane, mfiwa, na aliyekimbia. Kila mmoja alisema mapenzi kutoka mahali pake. Mjane alitoa wosia, mfiwa akalia, aliyekimbia akaonya na kucheka. Wangebadilishana maneno, yote matatu yangekuwa uongo. Hapa ndipo sharti langu lilipo, wasikilizaji: anayeandika mapenzi hadaiwi kuwa na mtu, anadaiwa asidanganye amesimama wapi.

Hata wazee wetu Wazaramo, ambao mji huu umekua juu ya mashamba yao, walilijua hilo. Mwali akiwekwa ndani alikabidhiwa kwa kungwi, na kungwi hakuchaguliwa kwa kuwa ana mume mzuri kuliko wengine. Alichaguliwa kwa kuwa ameona, anajua kusema, na anajua kunyamaza. Makungwi wajane walikuwapo, na walioachika pia walikuwapo. Siku hizi mambo yamehamia ukumbini. Kuna kicheni pati, kuna sare za vitenge vilivyonunuliwa Mtaa wa Uhuru, kuna mshereheshaji na spika kubwa. Lakini hata huko, anayepewa kipaza sauti kumfunda bibi harusi pengine ni mama ambaye ndoa yake ya pili ilivunjika mwaka jana. Kwenye meza za nyuma watanong'ona, "Yeye mwenyewe imemshinda." Mwache aanze kusema. Akifika pale anapoeleza jinsi mume anavyonyamaza siku tatu kwa jambo dogo, na jinsi mke anavyojibu kwa kupakua chakula bila kuweka maji ya kunawa, minong'ono inakatika. Waliomo ndoani wanajitazama.

Najua kuna msikilizaji ambaye hajaridhika. Anasema: "Hao wote uliowataja waliwahi kuolewa au kuoa. Walikumbuka. Mimi sijawahi kupendwa hata mara moja. Nami niandike?"

Hilo ndilo swali gumu. Kwa hilo nitawapeleka Uingereza mara moja, halafu turudi nyumbani. Kulikuwa na mwanamke anaitwa Jane Austen, aliyefariki mwaka 1817 akiwa na umri wa miaka 41, bila kuolewa. Mwaka 1802 alichumbiwa jioni, akakubali, na asubuhi yake akakataa. Riwaya zake sita, zote ni za watu wanaotafuta kuoana, na mpaka leo wenye ndoa zao wanazisoma na kuona wamesemwa. Ajabu yake ni mipaka aliyojiwekea. Hadithi zake huishia ndoani. Wawili wakishakubaliana, anafunga mlango na kuondoka. Tena ni nadra sana kumkuta akieleza mazungumzo ya wanaume walio peke yao chumbani, kwa kuwa humo hakuwahi kuingia. Alichokijua ni sebule: nani kamtazama nani, nani kahesabu mali ya nani, barua gani imechelewa kujibiwa. Aliandika sebule, akaiandika mpaka mwisho.

Kwa hiyo wewe ambaye hujawahi kupendwa, sebule yako ni ipi? Acha chumba cha watu wawili usichokijua. Andika unachokijua wewe peke yako. Unajua kumsubiri mtu asiyejua kwamba anasubiriwa. Unajua kwamba ukijaza fomu hospitalini, ukifika palipoandikwa jina la mtu wa karibu, kalamu inasita kidogo, halafu unaandika jina la dada yako. Unajua kwamba muuza samaki pale sokoni anakufungia wawili kwa mazoea, nawe unamwambia, "Mmoja tu, kaka," na unajua macho yake yalivyofanya. Hayo nayo ni mapenzi. Ni mapenzi yaliyotazamwa kutoka upande ambao hayajafika, na aliye na mtu hawezi kuyaona kutoka huko hata akitaka.

Sisemi upweke ni neema. Simwambii mtu abaki peke yake ili aandike vizuri. Kuna jioni Kariakoo maduka yanafungwa, mashata yanashuka kwa kishindo, kila mtu anakimbilia kwake, nawe huna haraka kwa sababu huna anayekusubiri. Hilo silipambi. Nasema tu kwamba hata hilo lina maneno yake, na maneno hayo mwenyewe ni wewe.

Sasa mtu ataniambia: "Mbona Waswahili wametunga siku zote wasiyoyaishi?" Kweli kabisa, na wamefanya vizuri. Katika taarabu, mtunzi wa maneno si lazima awe mwimbaji. Mara ngapi mwanamume amekaa na kalamu akatunga maneno ya mke aliyeudhiwa, kisha mwanamke akapanda jukwaani kuyaimba? Miaka ya tisini, wakati vikundi vya TOT na Muungano vikitambiana kwa mipasho, watu walijaza kumbi za mji huu kusikia maneno ya namna hiyo. Na mtihani wake ulikuwa mgumu kuliko wa mhakiki yeyote. Maneno yakimgusa mwanamke aliyekaa kwenye kiti, atainuka. Atatembea taratibu mpaka mbele, noti mkononi, amtuze mwimbaji, na arudi akiwa amemtazama mtu fulani kwa pembe ya jicho. Yasipomgusa, haondoki kitini, hata kinanda kilie namna gani. Hamwulizi mtunzi kama ameolewa. Anauliza moyoni mwake kama maneno yale yamemjua.

Mtunzi wa namna hiyo alivukaje mpaka? Kwa masikio. Hakuna anayeweza kumtungia mwanamke kilio akiwa hajawahi kukaa kimya na kuwasikiliza wanawake. Ndiyo maana nasema mipaka ya Jane Austen si sheria kwa kila mtu, lakini anayetaka kuivuka alipe nauli yake, na nauli hiyo ni kusikiliza kwa muda mrefu.

Tatizo la hadithi nyingi za mapenzi ninazozisoma leo wala si useja wa waandishi. Ninazijua zilizoandikwa na watu wenye ndoa na watoto, nazo ni uongo mtupu. Mvulana anampelekea msichana mawaridi mekundu. Mawaridi Gerezani? Wanakula chakula cha usiku kwa mwanga wa mishumaa, katika mji ambao mshumaa ukiwashwa kila mtu anaulizia umeme utarudi saa ngapi. Anamwambia nitakupa dunia. Mapenzi hayo yametoka kwenye tamthilia za Kifilipino na za Kituruki, hayajapita Msimbazi.

Mapenzi ya hapa yana alama zake, na zinaonekana kwa kila mwenye macho. Tangu pesa za simu zilipoingia nchini mwaka 2008, kuna tendo moja dogo ambalo kwangu mimi linashinda mashairi mengi. Mtu akikutumia elfu kumi, amekutumia elfu kumi. Akikutumia elfu kumi na ya kutolea, huyo amekaa akafikiri. Amekuona umesimama mbele ya wakala, amekuona ukikatwa, na hakutaka ukatwe. Mwandishi akiniandikia mwanamume aliyekuwa akituma na ya kutolea kila mara, halafu mwezi mmoja akatuma kavu, nitajua kuna jambo limeharibika kabla mtu yeyote ndani ya hadithi hajafungua mdomo.

Au chukua kodi. Mwenye nyumba wa Dar anataka miezi sita kwa mkupuo. Wawili wanaopendana, hawajaoana, wanachanga: wewe mitatu, mimi mitatu. Wakigombana mwezi wa nne, nani anaondoka? Hapo pana riwaya nzima, na mwandishi mseja anaweza kuiandika vizuri kama yeyote, maana kodi anaijua.

Simama kwenye kituo cha mwendokasi hapa Gerezani saa kumi na moja jioni. Basi likifunguliwa milango, watu wanaingia kwa mabega. Nimewahi kumwona mzee mmoja akiwa na mkewe, yeye kabeba mfuko wa bidhaa, na kwa mkono mwingine ameshika bomba, kiwiko amekitanua ili pale nyuma yake pabaki nafasi ya mama kusimama bila kusukumwa. Hawakuzungumza. Nadhani wala mama hakutambua, kwa kuwa amezoea kusimama penye nafasi. Niliyetambua ni mimi niliyekuwa nasukumwa.

Wapenzi wenyewe mara nyingi hawayaoni haya. Wameyazoea, au wamo katikati ya ugomvi wa jana. Asiye na mwenza anayaona kwa sababu macho yake hayana pa kurudi haraka. Huo ndio mtaji wake wa kuandikia, na ni mtaji halali.

Halali, ila una hatari moja, nayo lazima niitaje. Wengi wetu tunaishi nyumba za vyumba, mlango kwa mlango. Ukuta ni mwembamba, na ya chumba cha pili unayasikia hata usipotaka. Rafiki naye anakuja kulia kwako kwa sababu huna mume wa kusikiliza. Mseja ni ghala la siri za wenye ndoa. Siku akikaa kuandika akiwa hana la kwake, mkono unaweza kwenda kwenye ghala lile. Kungwi alifundishwa kwamba ya ndani hayatoki nje, na wewe mwandishi huna ruhusa zaidi yake. Kubadilisha jina peke yake hakutoshi. Kariakoo watu watakisia kabla ya kufika ukurasa wa pili. Chukua hisia, acha tukio. Kama tukio ndilo unalolitaka, nenda kamwombe mwenyewe. Akikataa, umekosa hadithi lakini rafiki unaye, na kwa mtu anayeishi peke yake, rafiki si kitu cha kuchezea.

Basi ukiulizwa, "Huna mtu, unaandika ya nani?", usianze kujitetea na wala usizue mchumba aliyeko Arusha. Jibu kwa utulivu: naandika ya niliowaona, ya niliyemtamani, na ya niliyemkosa, na sijasema popote kwamba mimi nimo ndani.

Nawaachia kazi, ninyi mnaotunga. Wiki hii andika ukurasa mmoja wa mapenzi. Usitumie neno moyo, usitumie neno roho, na asife mtu kwa ajili ya mtu. Weka pesa, weka chakula, weka usafiri. Ukimaliza, msomee mtu aliye ndoani miaka mingi, na umtazame usoni unaposoma. Akicheka pasipo na kichekesho, futa sentensi hiyo. Akinyamaza, halafu akakuuliza, "Haya nani kakwambia?", usimjibu. Endelea kusoma.